Rezista ya feni ya hita: kwa nini feni inapiga namba 4 tu na namba nyingine zimekufa

Gari la zamani lina tabia moja wenye nayo wengi wanaijua. Unazungusha swichi ya feni namba 1 kimya, namba 2 kimya, namba 3 kimya, ukifika 4 upepo unakuja kwa nguvu zote kama hakuna kilichotokea. Watu wengi hapo wanasema mota imekufa wanaanza kutafuta mota nyingine, na hapo ndo hela inapotea bure, manake mota iliyokufa haizunguki namba 4. Kilichokufa ni kitu kidogo kinaitwa rezista ya feni, na ukishaelewa kinafanya nini utaweza kujua ugonjwa hata kabla hujashika bisibisi.

Rezista ni kizuizi cha umeme. Mota ya feni ya hita kwenye magari ya zamani ni mota ya kawaida ya volti 12, ukiipa volti zote inazunguka kasi, ukiipa pungufu inazunguka polepole, haina akili nyingine. Sasa betri haiwezi kutoa volti 6 leo na volti 9 kesho, gari likiwaka umeme wake ni kama volti 14 muda wote, kwa hiyo ili upate upepo mdogo lazima kitu kisimame njiani na kula sehemu ya hizo volti. Hicho kitu ni nyaya zilizosokotwa kama springi, mara nyingi mbili au tatu, zimefungwa kwenye kibao kidogo. Ukiweka namba 1 umeme unapita kwenye springi zote ndo ufike kwenye mota, namba 2 unaruka moja, namba 3 unapita kwenye moja tu, na namba 4 haupiti kwenye rezista kabisa, unaenda dairekti. Ndo maana namba 4 inabaki hai rezista ikifa.

Na kutokana na mpangilio huo unaweza kusoma hata springi gani imekatika. Ikifa namba 1 peke yake, imekatika ile ambayo inatumika na namba 1 tu. Zikifa 1, 2 na 3 kwa pamoja, basi imekatika ile ambayo wote wanapita, au imekatika fyuzi ya joto, kile kipande kidogo ambacho rezista nyingi zinacho, kinayeyuka joto likizidi na kikishayeyuka hakirudi. Kinyume chake pia ni kweli: kama 1 mpaka 3 zinafanya kazi na 4 ndo imekufa, rezista haina kosa, angalia relei (swichi inayowashwa kwa umeme) ya spidi kubwa kama gari lako linayo, au mguu wa mwisho wa swichi.

Sasa zile volti zinazoliwa zinaenda wapi? Zinageuka joto. Hapa pafanyie hesabu kidogo uone mwenyewe. Tuchukulie namba 1 mota inavuta ampia 5 na springi zote pamoja zina omu 1.5 (omu ni kipimo cha kizuizi cha umeme), volti zinazoliwa ni 5 mara 1.5, yaani 7.5, na joto lake ni 7.5 mara 5, wati 37 na ushee. Hiyo ni sawa na kile chuma cha moto cha fundi redio cha kuyeyushia risasi, na kimo ndani ya dashibodi yako kila unapoweka upepo mdogo. Haiunguzi gari kwa sababu waliotengeneza waliiweka rezista ndani ya njia ya upepo wa feni yenyewe, feni inazunguka, upepo unapita juu ya springi, zinapoa. Mimi naona hilo ndo jambo la kushika kuliko yote kwenye habari hii, kwamba rezista inaishi kwa upepo wa feni inayoihudumia. Upepo ukipungua, rezista inaiva.

Kwa hiyo rezista ikiungua uliza kwanza nini kimeiunguza. Sababu ya kwanza kabisa ni mota iliyochoka. Bushi (vile vishikio ambamo ekseli ya mota inazungukia) zikikauka mota inakuwa nzito, inazunguka polepole huku inavuta umeme mwingi zaidi, kwa hiyo joto linapanda na upepo wa kupoza unashuka kwa wakati mmoja, na ikikwama kabisa ndo mbaya zaidi, umeme unakuwa mkubwa kuliko wote na upepo sifuri. Sababu ya pili ni majani makavu na taka zilizoingia kwenye kikapu cha feni, au chujio la hewa ya ndani kama gari lako linalo limejaa vumbi. Hapo mota haivuti umeme wa ziada, ila rezista inakosa upepo. Ya tatu ni maji. Mifereji ya chini ya waipa ikiziba majani, maji ya mvua yanaingia kwenye njia ya hewa na kudondokea kwenye feni na rezista, unakuta miguu ya rezista ina ukoga wa kijani.

Ya nne ni plagi na hii watu wanaipita sana. Nilishika gari moja lililobadilishwa rezista mara mbili na kila mara inakufa tena, kuja kuangalia plagi yake ile ya plastiki imebadilika rangi upande mmoja, ilikuwa nyeupe imekuwa kahawia, na tundu moja limepanuka mpaka mguu wa rezista unacheza ndani. Mguu ukicheza haugusi vizuri, na pasipogusa vizuri panakuwa kizuizi kingine ambacho hakuna aliyekipanga. Omu 0.1 tu pale na mota inavuta ampia 20, zinapotea volti 2 na linatoka joto la wati 40, na safari hii halipo kwenye springi zenye upepo, liko ndani ya plastiki. Ile plagi ikabidi ikatwe, ikawekwa mpya na nyaya zake. Ukiona plagi ya kahawia usiipeleke kwenye rezista mpya hata siku moja.

Kupima. Kama feni haizunguki namba yoyote anza na fyuzi, itoe uiangalie na uipime, usiridhike na macho peke yake. Ikiwa nzima, weka swichi namba 4 halafu gonga taratibu kwenye mwili wa mota kwa mpini wa bisibisi, mota nyingi za zamani zinakaa chini ya dashibodi miguuni kwa abiria wa mbele. Ikistuka na kuanza kuzunguka jua kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka) zimeisha, itakutembeza siku mbili tatu halafu itakuacha. Isipostuka chukua multimita upime kwenye plagi ya mota ikiwa imechomekwa. Ukipata volti 12 kati ya nyaya zake mbili na mota imelala, mota imekufa. Usishangae ukipima kila waya na bodi ya gari ukakuta volti 12 pande zote mbili, magari mengi swichi na rezista ziko upande wa hasi, hiyo maana yake umeme umefika kwenye mota na umepita ndani yake ila hauna njia ya kurudi, tafuta kwenye swichi au waya wa ethi (ule unaorudisha umeme kwenye bodi). Ila usijaribu kupima ampia za feni kwa kuunga multimita ya kawaida katikati ya waya, nyingi mwisho wake ni ampia 10 na feni inapita hapo kirahisi, utaiunguza.

Rezista yenyewe ichomoe upime omu kati ya miguu yake, njia nzima inasoma kidogo sana, kutoka sehemu ya omu moja mpaka omu chache. Ikisoma haina mwisho, imekatika. Mara nyingi hata huhitaji mita, springi iliyokatika inaonekana kwa macho.

Kuibadilisha ni kazi ndogo. Toa waya wa hasi wa betri, shusha droo ya dashibodi, fuata nyaya za mota utakuta kibao kimefungwa skrubu mbili ubavuni mwa njia ya hewa. Bonyeza kikufuli cha plagi uvute plagi yenyewe usivute nyaya. Kabla hujaweka mpya ingiza mkono kwenye lile tundu utoe majani, halafu zungusha kikapu cha feni kwa kidole, kinatakiwa kizunguke chepesi na kiendelee kidogo baada ya kukiachia. Kikisimama hapohapo au kikikwaruza shughulikia mota kwanza, la sivyo rezista mpya inaenda kaburini.

Na kuna kitu naomba usifanye wala usikubali ufanyiwe. Wapo wanaounga kipande cha waya juu ya fyuzi ya joto iliyoyeyuka, namba zote zinarudi na mteja anaondoka anafurahi. Ile fyuzi ndo kitu pekee kilichokuwa kinasimama kati ya mota iliyokwama na moto ndani ya dashibodi, fyuzi ya kawaida ya ampia 30 haitasaidia kwa sababu umeme unaotosha kuifanya springi iwe nyekundu ni mdogo kuliko huo. Bora utembee na namba 4 tu wiki nzima, kelele zake utazivumilia na ukungu kwenye kioo cha mbele utatoka.

Ukishafunga, washa gari weka namba 2 uache kama dakika kumi, halafu shika plagi ya rezista kwa vidole. Uvuguvugu ni kawaida. Ikikufanya utoe mkono, hujamaliza, rudi kwenye mota.