Estrojeni si ya wanawake peke yao

"Estrojeni ni ya wanawake, testosteroni ni ya wanaume." Upotofu mwingi unaanzia hapa. Kila mtu ana homoni hizi zote mbili, ila viwango havilingani. Mwilini mwa mwanamume, kimeng'enya kiitwacho aromatesi hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, nayo ndiyo inayosaidia sana kulinda mifupa yake. Mwaka 1994 watafiti walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuitikia estrojeni. Testosteroni alikuwa nayo ya kutosha, lakini mifupa yake ilikuwa dhaifu na urefu ulikuwa ukiongezeka bado.

Kwa hiyo mifupa kudhoofika si ugonjwa wa akina bibi tu. Baada ya miaka 50, takribani mwanamke 1 kati ya 3 huvunjika mfupa kwa sababu hiyo, na mwanamume 1 kati ya 5. Tena wanaume wanaovunjika nyonga hufariki zaidi kuliko wanawake.

"Kisukari hakibagui." Hii ni nusu ya ukweli. Wanaume hupata kisukari cha aina ya pili wakiwa na umri na uzito mdogo kuliko wanawake, maana mafuta yao hupenda kukaa tumboni na kwenye ini. Ya mwanamke, kabla hajakoma hedhi, hukaa zaidi mapajani na kwenye makalio. Wapo waliosikia hayo wakaona mwanamke ana nafuu. Kisukari kikishaingia, nafuu hiyo huyeyuka: uchambuzi wa mwaka 2014, uliokusanya takwimu za watu zaidi ya 850,000, ulionyesha kwamba kinavyoongeza hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo, kinawaongezea wanawake kwa takribani asilimia 44 zaidi ya wanaume.

Na kisukari cha mimba? Husemwa kwamba kinaisha mama akijifungua. Sukari hushuka, ni kweli, ila uwezekano wa kupata aina ya pili baadaye unabaki juu mara kadhaa kuliko wa mama ambaye hakukipata. Apimwe wiki 4 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha asiache kupima.

"Ovari zenye vifuko vingi huwapata wanene." Watu wembamba pia hupata tatizo hili la homoni. Vile "vifuko" ni vijifuko vya mayai vilivyokwama kabla ya kukomaa, na mtu anaweza kuwa na tatizo hili bila kuonekana navyo kwenye picha ya ultrasaundi: hedhi isiyo na mpangilio pamoja na dalili za homoni za kiume kuzidi zinatosha, magonjwa mengine yakishaondolewa.

Dhana ninayoiona ya hatari kuliko zote ni ya kijana anayejidunga testosteroni akidhani inamwongezea uwezo wa kuzaa. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu, huacha kuamuru korodani zifanye kazi, na mbegu hupungua, pengine zikaisha kabisa. Kama kiwango chake cha testosteroni kimeshuka kwa sababu ya unene, kupunguza uzito mara nyingi hukipandisha bila sindano, na mbegu zake hazizimwi.