Anayekulipa Mshahara ni Nani?

Nimeulizwa tena na muuguzi wa hospitali ya kaunti, mhamiaji mwenzetu hapa Marekani, kama ni kweli kwamba mkopo wake wa chuo utajifuta akitimiza miaka kumi kazini. Haujifuti. Sheria ya mwaka 2007, inayosamehe deni lililobaki la mkopo wa mtumishi wa umma (mpango uitwao PSLF), inadai malipo 120 ya kila mwezi yanayostahili, ambayo si lazima yafuatane, pamoja na fomu ya kuthibitisha ajira, ambayo hakuna atakayekujazia.

Masharti ya mkopo wenyewe ni machache. Uwe mkopo wa moja kwa moja wa serikali kuu. Mikopo ya zamani iliyotolewa na mabenki kwa dhamana ya serikali iunganishwe kwanza kuwa mkopo wa moja kwa moja, na mikopo binafsi haimo kabisa. Lipa kwa mpango unaotegemea kipato, kwani ratiba ya kawaida ya miaka kumi haikuachii deni la kufutwa.

Kinachonichosha ni imani kwamba kazi ya huruma ndiyo inayohesabiwa: nauguza wagonjwa, natunza wazee, basi mimi ni mtumishi wa umma. Sheria haiulizi unafanya nini, inauliza nani amekuajiri. Mfagizi wa shule ya serikali anayefanya kazi saa 30 kwa wiki anastahili, ilhali muuguzi aliyeletwa na wakala wa kibiashara katika hospitali hiyohiyo ya kaunti hastahili, hata akikesha wodi moja na wenzake walioajiriwa na kaunti kwa miaka yote kumi. Kitambulisho unachovaa shingoni hakithibitishi lolote. Tazama fomu yako ya W-2, ile taarifa ya mshahara na kodi anayokupa mwajiri kila mwaka, uchukue namba ya mwajiri iliyoandikwa pale, kisha uitafute katika StudentAid.gov, tovuti ya serikali kuu ya mikopo ya wanafunzi, kabla hujapiga hesabu ya mwezi hata mmoja. Tangu Julai 2023 wamefunguliwa mlango madaktari wa California na Texas, ambako sheria za majimbo huzuia hospitali kuwaajiri moja kwa moja. Wauguzi wa mawakala wamebaki nje, na mimi sijapata hoja ya kuutetea mpaka huo mbele yao.

Maombi ya kwanza ya msamaha yalipoanza kushughulikiwa, takriban 99 kati ya kila 100 yalikataliwa. Ndiyo maana nasisitiza fomu ijazwe kila mwaka, na kila unapobadilisha mwajiri, maadamu ofisi ya utumishi bado inakukumbuka.

Ushauri wangu huyumba kwa mtu ambaye hana hakika ya kubaki katika utumishi wa umma. Malipo yanayotegemea kipato huweza kuwa madogo kuliko riba, hivyo anayehamia kampuni binafsi mwaka wa sita huenda akaondoka na deni kubwa kuliko alilokuja nalo. Wapo washauri wenzangu wanaomwandikisha kila anayestahili bila kusita. Mimi humuuliza kwanza kama angeipenda kazi hiyo pasipo msamaha.