Je, kadi ya kliniki inaweza kudokeza unene wa mtoto kabla haujaonekana?

Kwenye kliniki yoyote ya watoto mjini Moshi, mtoto bonge husifiwa kuanzia kwenye benchi mpaka kwenye mizani. Wa mwenzake mwembamba? Mama ataulizwa kama anapikiwa mtori wa kutosha. Ila kwa wanaochunguza unene wa utotoni, ubonge wa siku moja hausemi mengi. Wao hutazama mwendo.

Kila mtoto akipimwa, nukta moja huongezwa kwenye grafu ya kadi, yenye mistari ya ukuaji. Anayefuata njia yake, ya juu au ya chini, kwa kawaida hana neno. Anayepanda kwa kasi na kuivuka mistari ndani ya miaka miwili ya kwanza ndiye ambaye tafiti nyingi zimemkuta na uwezekano mkubwa wa kunenepa kupita kiasi baadaye. Hata aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 anaweza kuwa humo. Wafuasi wa David Barker, daktari wa Uingereza, hueleza hivi: mwili uliopata lishe haba tumboni hujizoesha kubana matumizi, na ukikutana na chakula tele huweka akiba ya mafuta. Hiyo si ruhusa ya kumpunja maziwa njiti. Huyo anahitaji kukua, tena kwa uangalizi wa daktari.

Kukadiria hatari, uzito peke yake hautoshi. Huongezwa unene wa mama kabla ya mimba, wa baba pia (jeni na sufuria ni za pamoja), kilo alizoongeza mama akiwa mjamzito, na kama alivuta sigara. Mwaka 2012 watafiti walichapisha kanuni ya kukokotoa hatari ya namna hiyo kutokana na watoto wa kaskazini mwa Ufini waliozaliwa 1985 na 1986. Ukichukua mtoto mmoja aliyekuja kuwa na unene uliokithiri na mwingine asiyekuwa nao, kanuni ilimpa wa kwanza alama kubwa zaidi karibu mara 78 katika 100. Si haba, lakini ina maana wapo wanaotiwa hofu bure na wapo wanaopita bila kuonekana.

Na Ufini si Kilimanjaro. Huku wajawazito wanaovuta sigara ni wachache, na wengi huanza kliniki mimba imeshakua, hivyo uzito wa kabla ya mimba haujulikani. Kanuni ya kwetu ingepaswa kujengwa kwa takwimu za kwetu, na zipo: hospitali ya KCMC ya hapa Moshi imekuwa ikiweka rejista ya uzazi tangu mwaka 2000. Ila muuguzi naye ana haki ya kuogopa upande wa chini kwanza. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, na asilimia 4 wana uzito uliozidi.

Kinachonisumbua zaidi ni umri. Uwiano wa uzito na urefu hushuka baada ya mwaka wa kwanza, ukafika chini kabisa kati ya miaka 4 na 7, kisha ukapanda tena. Ukianza kupanda mapema, kabla ya miaka 5, hatari huongezeka. Sasa kliniki huishia miaka 5, na kabla ya hapo wazazi wengi huacha kwenda chanjo zikikamilika. Mizani na kipimo cha urefu kwenye darasa la awali na la kwanza, Moshi au Arusha, vingetusaidia kuliko kanuni yoyote.