Kwa nini jamu ya Kampala haiishi hata barabara zikipanuliwa

Mimi ni mhandisi wa trafiki, na kila inapotangazwa barabara mpya hapa Kampala simu yangu hujaa ujumbe: "Injinia, sasa jamu itaisha?" Huwa najibu kwa swali: hiyo barabara inaishia wapi? Kama inamwaga magari kwenye makutano ya Wandegeya, Natete au Clock Tower, basi tumewapa watu nafasi ya kufika kwenye foleni mapema zaidi.

Si kejeli. Kuna hesabu nyuma yake, na hesabu yenyewe haihitaji shahada.

Leni moja ya barabara isiyokatizwa na kitu hupitisha magari 1,800 hivi kwa saa, kwa sababu dereva wa kawaida huacha sekunde mbili kati yake na aliye mbele. Weka makutano yenye taa. Leni ileile ikipata kijani nusu ya muda, inabaki na magari 900. Lakini makutano yetu mengi yana pande nne, kila upande unadai zamu yake, na wanaokata kulia nao wanadai yao, hivyo 900 inashuka hadi 500, au hata 400. Huko nyuma unaweza kupanua barabara iwe na leni sita ukipenda. Anayemimina mafuta kwa faneli anajua kwamba ukubwa wa ndoo haubadilishi kinachopita shingoni.

Umbo la mji linazidisha shida. Kampala iko juu ya vilima, na mabonde yaliyo katikati ni vinamasi au yalikuwa vinamasi kabla hayajajengwa. Barabara kubwa zilipita palipopitika, zote zikielekea katikati: Entebbe, Masaka, Mityana, Hoima, Bombo, Gayaza, Jinja, Port Bell, Ggaba. Barabara za kuunganisha njia hizi nje ya mji ni chache. Mtu wa Nansana anayekwenda Ggaba kwa teksi (wa Nairobi wasome matatu, wa Dar wasome daladala) lazima ashuke mjini, avuke kwa miguu, apande nyingine. Hana shughuli yoyote mjini. Amepitishwa tu.

Na wanaopitishwa ni wengi. Sensa ya 2024 ilihesabu karibu watu milioni 1.8 katika mji wenye eneo la kilomita za mraba 189 hivi. Wakiso, wilaya inayouzunguka mji, ina zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa ya hao huamka mapema kuja mjini. Halmashauri ya mji, KCCA, iliyoanza kazi mwaka 2011, haina amri nje ya mpaka wake. Barabara kuu za taifa zilikuwa chini ya UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ambayo nayo ilirudishwa wizarani mwishoni mwa 2024. Abiria haoni mpaka wowote. Lami na taa ndizo zinazobadili mmiliki njiani.

Turudi kwenye makutano, maana hapo ndipo ninapopenda kukaa.

Asubuhi na jioni, kwenye makutano makubwa, taa huwaka peke yake huku afande wa trafiki akiongoza kwa mkono. Niliwahi kumwuliza mmoja, "Afande, mbona wale wa Jinja Road umewashika muda wote huu?" Akanijibu bila kugeuka, "Mzee, hawa wakiisha ndiyo nitawapa wale." Tatizo ni kwamba hawa hawaishi. Nyuma ya wa mwisho unayemwona kuna mwingine ambaye hujamwona.

Afande ana hoja, na ni hoja ya kihandisi hata kama hajaisomea. Kila unapobadili zamu unapoteza sekunde nne hivi: magari ya mwisho yanamalizia kutoka, madereva wa upande wa pili wanaamka, wanaingiza gia. Katika mzunguko wa dakika 2 wenye zamu nne, zinapotea sekunde 16, yaani asilimia 13 ya muda. Urefushe mzunguko hadi dakika 8 na hasara inashuka hadi asilimia 3. Umeokoa asilimia 10. Kwa afande aliyesimama kwenye jua, hiyo ni faida tupu.

Sasa tazama bei yake. Upande unaoletewa magari 600 kwa saa kwa kila leni unapokea magari 10 kwa dakika. Ukiwazuia dakika moja, foleni ni magari 10, kama mita 65. Ukiwazuia dakika 6, foleni ni magari 60, karibu mita 400. Katikati ya Kampala ni mitaa michache iliyo na mita 400 kati ya makutano na makutano. Mkia wa foleni unaingia kwenye makutano ya nyuma na kuyaziba, hata kwa wale ambao hawaendi upande wa yule afande kabisa. Afande wa nyuma anaona uwanja wake umejaa, naye anafunga pande zake. Nusu saa baadaye msongamano uko makutano ya mbali ya Kibuye na hakuna anayejua ulianzia wapi. Ndiyo maana dereva wa Kampala husema jamu "imelala": haina kichwa.

Nisimlaumu afande peke yake. Taa za saa maalumu, zisizohisi magari, hutoa kijani kwa barabara tupu huku jirani wakijazana. Misafara ya wakubwa ikipita, mpangilio wote unavunjika, na inachukua muda mrefu kuurudisha. Boda nazo hupenya hadi mbele ya mstari wa kusimamia zikajaa uwanjani, kiasi kwamba kijani kinapokuja sekunde za kwanza ni zao. Na kama njia ya kutokea imejaa, kijani hakina maana yoyote. Hapo mtu mwenye macho ni bora kuliko taa isiyo nayo. Ninachodai ni kidogo: askari wa makutano yanayofuatana wawe na saa moja, zamu fupi, na mtu mmoja anayeyaona makutano yote kwa kamera akiwapa amri.

Jambo la pili ni kile kinachopita kwenye ile shingo. Tuseme una nafasi ya magari madogo 400 kwa saa. Yakiwa magari binafsi yenye mtu mmoja au wawili, umevusha watu 600 hivi. Teksi ya abiria 14 inakula nafasi ya gari moja na nusu, kwa hiyo zitapita teksi 270 hivi, na watu 3,700. Basi la abiria 60 linakula nafasi ya magari mawili na nusu. Yatapita mabasi 160 na watu 9,600. Makutano ni yaleyale, lami ni ileile. Hata teksi ninayoitukana kila siku inanizidi mimi na gari langu mara sita.

Kwa nini basi teksi inachukiwa? Kwa sababu ya namna inavyofanya biashara. Dereva na konda hawana mshahara. Wanampelekea mwenye gari kiasi kilichopangwa kila siku, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Mtu wa namna hiyo hawezi kuondoka stejini na viti vitupu. Anangoja ijae. Old Taxi Park na New Taxi Park zipo kwa ajili ya kungoja: ardhi ghali kuliko zote mjini imefanywa chumba cha subira. Ikishajaa, dereva anakimbia kama aliyeibiwa, na njiani kiti kikiachwa wazi anasimama popote penye mtu, na watu wako kwenye makutano kwa sababu hapo ndipo wanapobadilisha teksi. Teksi mbili zilizosimama mita 20 baada ya taa zinafuta leni nzima. Tulijenga leni mbili, tukapata moja.

Na nauli haina bei ya kudumu. Mvua ikinyesha, mfereji wa Nakivubo ukifurika, Bwaise ikijaa maji, nauli inapanda papo hapo.

Wengine hunikumbusha kwamba tulikuwa na mabasi. Ni kweli. Uganda Transport Company, UTC ya wazee wetu, ilihudumia mji huu kabla ya kuporomoka pamoja na mengine mengi, na pengo lake likajazwa na teksi ambazo kwa miaka mingi ziliongozwa na UTODA, chama cha wenye teksi na madereva wake. Mwaka 2012 Pioneer Easy Bus iliingiza mabasi 100, na ndani ya miaka miwili yakasimama kwa mgogoro wa kodi. Kodi ilikuwa sababu ya mahakamani. Barabarani kulikuwa na sababu nyingine ambayo ingewamaliza polepole: basi lisilo na leni yake hukaa kwenye foleni ileile na teksi, lakini teksi inajua vichochoro na basi halipiti. Safari zake kwa siku zinakuwa chache, mapato yanakuwa machache.

Boda ni jibu la mwananchi kwa haya yote. Ilianzia mpakani Busia na Malaba kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya vituo vya forodha, na leo pikipiki zimeenea nchi nzima. Haingoji ijae, haihitaji leni, inakufikisha mlangoni. Asiyetaka kukiri kwamba boda ni chaguo la busara kwa anayewahi kazi hajawahi kukaa saa mbili kati ya Kireka na mjini. Bei yake inalipwa hospitali ya Mulago, kwenye wodi za mifupa. KCCA ilishawahi kuchora eneo la katikati ya mji ambalo boda zisingeingia. Kwenye ramani lilipendeza. Ukimnyima mtu boda bila kumpa kitu kinachofika kwa wakati, atapanda boda itakayojificha nyuma ya jengo.

Kuhusu ule upanuzi. Northern Bypass, kilomita 21 kutoka Bweyogerere hadi Busega, ilifunguliwa 2009 ikiwa leni moja kila upande kwa sehemu kubwa, na mizunguko (raundabauti) mingi njiani. Ilikusudiwa kuyapitisha pembeni malori ya Mombasa yanayoelekea Rwanda na Kongo. Barabara ikaleta majengo, majengo yakaleta magari ya jirani, na mizunguko ya Kalerwe na Bwaise ikawa foleni kama za mjini. Ikabidi iongezwe leni na madaraja ya juu, na kinamasi cha Lubigi kikaendelea kupungua. Barabara ya kulipia ya Entebbe, kilomita 51 ukihesabu tawi la Munyonyo, ilifunguliwa 2018 na tozo ikaanza Januari 2022. Ni barabara nzuri, nitakuwa mnafiki nikisema siipendi. Lakini ukifika Busega ukataka kuingia mjini, Natete inakusubiri pale ilipokuwa. Daraja la juu la Clock Tower nalo limetenganisha mikondo iliyokuwa inakatana, na dereva sasa anafika upesi kwenye taa inayofuata.

Anayesahaulika kabisa ni mtembea kwa miguu. Mwaka 2020, teksi ziliposimamishwa kwa sababu ya korona, tuliona watu wakitembea kutoka Kawempe na Kyengera hadi mjini, na baadhi ya wenzangu wakashangaa. Mimi sikushangaa sana, wengi wao hutembea hata siku za kawaida, ila hatuwahesabu kwa kuwa hawapigi honi. Namirembe Road na Luwum Street zilijengewa sehemu ya majaribio ya watembea kwa miguu na baiskeli. Sehemu nyingine, njia ya miguu ni mfereji ulio wazi, na juu yake pikipiki.

Treni ya abiria kati ya mjini na Namanve inastahili aya yake, ingawa fupi. Ilianza Desemba 2015 kwenye reli ileile nyembamba iliyofika Kampala 1931, ikasimamishwa 2023 reli ikarabatiwe, ikarudi 2024. Inabeba watu wa Kireka na Namboole bila kujali afande. Njia ni moja tu, hivyo safari haziwezi kuongezwa sana mpaka zijengwe sehemu za treni kupishana.

Ninaloliona la maana zaidi ni leni za mabasi kwenye Jinja Road na Bombo Road, na mipango yake imeandikwa na kuandikwa tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Dar es Salaam walianza Mwendokasi, mabasi yenye leni zake, Mei 2016, kilomita 21 hivi za awamu ya kwanza, na daladala zikaondolewa kwenye njia kuu ya Morogoro Road na kupelekwa kulisha vituo. Hapo ndipo mpango wetu utakapopimwa. Teksi za Kampala ni mali ya watu wenye gari moja au mbili, mara nyingi za mkopo. Mpango usioeleza kwamba hao watapewa hisa, au mkataba wa njia za kulisha, au fedha za kufidia gari kuukuu linaloondolewa, utakutana na mgomo kabla basi la kwanza halijatoka bandarini.

Na Dar wametupa somo jingine ambalo halizungumzwi: karakana yao ya Jangwani ilijengwa bondeni, na mafuriko yameiingia mara kadhaa mabasi yakiwa ndani. Viwanja vikubwa vilivyo wazi karibu na mji wetu viko bondeni vilevile. Atakayechora ramani ya mabasi ya Kampala aanze na kiwanja cha karakana kilicho juu kidogo, na akinunue kabla madalali hawajapata habari.