Kituo cha kura kinachofikika: maana yake nini?

Kituo cha kupigia kura kinachofikika ni kile ambacho mpiga kura yeyote, awe anatumia kiti cha magurudumu, haoni, ni mzee wa mkongojo au ni mjamzito, anaweza kuingia, akaweka alama yake bila mtu kuiona, na akarudi nyumbani salama. Ibara ya 29 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 inazidai serikali hilo. Kenya iliuridhia mkataba huo 2008, Tanzania 2009.

Wengi wetu tukisikia "kufikika" tunawaza njia ya mteremko mlangoni, basi. Ni kweli vituo vingi ni madarasa ya shule za msingi, yenye ngazi mbili tatu na uwanja wa mchanga au kokoto. Ila ukishavuka mlango kuna kituturi, yaani kibanda cha kutilia alama kwa siri. Meza yake ikiwa ndefu kwenda juu, aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu ataandikia mapajani, na karatasi itaonwa na makarani, mawakala wa wagombea na walio kwenye foleni. Huyo amefikishwa kituoni, lakini kura ya siri hajapiga.

Asiyeona ana jalada la nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa kupapasa. Karatasi ya kura huchomekwa ndani yake, na jalada lina matundu yanayolingana na nafasi za kutia alama. Mpiga kura hupapasa, akahesabu kushuka hadi kwa mgombea wake, akatia alama kupitia tundu. Tatizo ni kwamba aliyepofuka ukubwani mara nyingi hakusoma nukta nundu. Huyo akisomewa majina kwa mpangilio yalivyo kwenye karatasi, matundu yenyewe yanamtosha. Kwa hiyo kifaa bila karani aliyefundishwa kukitumia ni pambo la mezani.

Anayehitaji msaidizi anaruhusiwa kuwa naye, na hapa usalama ndio huponyoka kirahisi, kwa sababu anayekusaidia ndiye anayeijua kura yako. Kanuni za uchaguzi za Kenya za 2012 zimelikaba jambo hili: msaidizi huchaguliwa na mpiga kura mwenyewe, awe mtu mzima, asiwe mgombea wala wakala, asisaidie zaidi ya mtu mmoja, tena ale kiapo cha siri kwenye Fomu ya 32. Asiyekuja na mtu husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala. Kipengele hicho cha mwisho kinanitatiza: kinazuia msimamizi asidanganye, lakini mawakala wote wanasikia umemtaja nani. Kijijini mnakofahamiana, hilo si jambo dogo.

Foleni nayo ni suala la usalama. Kenya sheria imeweka ukomo wa wapiga kura 700 kwa kituo. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ulemavu hupewa nafasi ya kutangulia, lakini karani anayeongoza foleni asipotoka nje kuwatafuta, watasimama juani kama wengine.

Mengi ya haya huamuliwa wakati wa uandikishaji. Ulemavu wa mtu ukirekodiwa mapema, tume ya uchaguzi inajua kituo kipi kihamishwe kutoka darasa la ghorofani, wapi jalada lipelekwe, na wapi meza fupi inahitajika.