Tarehe ya Kliniki Imepita: Kwa Nini Mgonjwa wa Skizofrenia Hakuja

Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, ikikaribia, lalamiko la familia nyingi ni lile lile: mgonjwa wetu mkaidi, hataki kliniki. Sisi wa kliniki ya afya ya akili tunaomba neno ukaidi liwekwe kando. Aliyevunjika mguu anajua mguu umevunjika. Kwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo, kiungo kinachougua, yaani ubongo, ndicho kinachotakiwa kuutambua ugonjwa, kwa hiyo wengi hawaoni kabisa kwamba wanaumwa. Ukimwambia "twende ukatibiwe", anasikia anaonewa. Kubishana naye kuhusu sauti anazosikia hakumleti kliniki. Anzeni na kile kinachomsumbua yeye mwenyewe, kama usingizi au woga, na wengi hukubali kusindikizwa.

Hata sauti zikinyamaza, ugonjwa huu hubaki umepunguza ari na kumbukumbu. Mtu halali njaa, halii, lakini hawezi kujianzisha: kuoga ni mlima, kupanda daladala ni mlima mwingine. Tarehe ya kurudi isiachwe iwe kazi yake peke yake. Kadi ya kliniki itunzwe na ndugu mmoja anayejulikana, na mapokezi wapewe namba 2 za simu, kwa sababu mara nyingi tunapiga namba iliyoandikwa miaka 3 iliyopita na laini haipo tena.

Dawa zenyewe pia huwafukuza watu kliniki. Haloperidol, moja ya dawa za skizofrenia, hasa siku za mwanzo, inaweza kukaza shingo, kupandisha macho juu au kufanya ulimi uwe mzito. Familia huona mtu amezidiwa na kuificha dawa. Hali hiyo inatibika haraka, kwa kawaida kwa dawa iitwayo benzhexol, ila tukiambiwa. Wengine hupata miguu isiyotulia: hawezi kukaa wala kusimama mahali pamoja. Mtu huyo kumkalisha kwenye benchi kwa muda wa saa 4 ni mateso, na akitoka nje akaondoka msishangae. Semeni mapokezi mapema, atembee uwanjani mpaka aitwe. Chlorpromazine, dawa nyingine ya skizofrenia, nayo husinzisha. Anayeimeza saa 5 usiku hataamka kuwahi kliniki ya saa 2 asubuhi, basi muulizeni daktari kama inaweza kumezwa saa 1 au 2 usiku.

Sindano ya mwezi inahitaji maelezo marefu kidogo, kwani hapo ndipo tarehe nyingi hupotea. Fluphenazine, ile wengi wanayoiita modecate, mara nyingi huchomwa miligramu 25 kila baada ya wiki 4. Wiki 4 ni siku 28, hazilingani na "tarehe 3 mpaka tarehe 3". Aliyechomwa Jumanne anarudi Jumanne ya nne. Anayehesabu kwa tarehe ya mwezi huja siku nyingine, huenda akute mlango wa kliniki umefungwa, na nauli imeshakwenda. Kwa mwaka sindano ni 13, si 12. Jambo jingine: dawa hii hutoka mwilini polepole, kwa wiki kadhaa. Ukiruka tarehe moja hakuna kinachotokea wiki hiyo, na familia inahitimisha kwamba dawa haikuwa na kazi. Ugonjwa hurudi baadaye, na wakati huo hakuna anayeikumbuka ile tarehe.

Hii inatupeleka kwenye "amepona, ameacha." Tumelisema mara nyingi, tunalirudia: skizofrenia si malaria ya kumaliza dozi siku 3. Baada ya kuugua mara ya kwanza, dawa huendelea angalau miezi 12 tangu dalili ziishe, na aliyeugua zaidi ya mara moja huhitaji miaka. Kupunguza ni kazi ya daktari, na hufanywa polepole. Hatumkatazi mtu dua wala maombi. Tunachokataa ni kumlazimisha achague kati ya maombi na kidonge.

Nauli ni kikwazo cha kweli, wala hatukidharau. Mgonjwa na msindikizaji, kwenda na kurudi, ni nauli 4 kwa kila tarehe. Msamaha wa ada za matibabu, ambao afisa ustawi wa jamii wa hospitali huushughulikia, haulipi basi. Mgonjwa akishatulia, ombeni sindano ihamishiwe kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu. Barua iandikwe jina la dawa, kipimo, tarehe ya sindano ya mwisho na tarehe inayofuata. Tarehe hiyo inayofuata ikikosekana, muuguzi wa huko atawarudisha. Ndugu kuja kuchukua dawa peke yake miezi 6 mfululizo si kuhudhuria. Daktari hawezi kuona mikono inayotetemeka kwa kusimuliwa.

Mmeshachelewa? Njooni. Hakuna faini ya kukosa tarehe. Msifungue faili jipya kwa kuogopa kugombezwa, wala msibadilishe jina: daktari ataanza upya bila kujua dawa gani ilishindwa. Kadi ikipotea, tajeni jina lililoandikwa mwanzo na mwaka wa kwanza kuhudhuria. Sindano ikichelewa wiki moja au mbili, kwa kawaida huchomwa siku hiyo hiyo. Ikizidi hapo, daktari humwona kwanza. Wachache wanaotumia klozapini, dawa nyingine ya skizofrenia, wawe waangalifu zaidi: wakikosa zaidi ya siku 2, wasirudie kipimo cha zamani nyumbani, kwa sababu huanzishwa tena kwa miligramu 12.5 na kupandishwa taratibu.

Na kumfunga kamba ili aje? Hapana. Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008 ina utaratibu wa kumfikisha hospitalini asiyeridhia. Mwoneni afisa ustawi wa jamii au mtendaji wa kata. Mgonjwa akikesha usiku 2 mfululizo, akikataa chakula kwa kuhofia sumu, au akisema sauti zinamwamuru ajidhuru au adhuru mtu, msisubiri tarehe ya kadi. Mpelekeni idara ya dharura usiku huo huo, na kadi yake na dawa zake zote mkononi.