Hill End: jiwe la Holtermann halikuwa donge

Hill End ni kijiji cha vilimani, kaskazini mwa Bathurst, jimbo la New South Wales, Australia. Kinachosemwa sana juu yake ni kwamba hapo ndipo lilipookotwa donge kubwa kuliko yote ya dhahabu duniani. Si kweli, na inafaa kueleza kwa nini.

Donge huwa ni dhahabu yenyewe iliyojikusanya. Kilichopatikana hapo Hill End, katika mgodi wa Star of Hope, usiku wa Oktoba 19, 1872, ndicho kiitwacho jiwe la Holtermann, kilikuwa kipande cha mwamba: jiwe jeupe lililoshikana na dhahabu, uzito wa kilo 286 hivi, dhahabu ikiwa karibu kilo 93. Hakikuokotwa, kilitolewa chini mgodini. Kisha kikapondwa, ndiyo maana hakuna makumbusho yanayokionyesha. Donge kubwa linalojulikana ni Welcome Stranger, lililopatikana Moliagul, Victoria, mwaka 1869, sentimita chache tu chini ya udongo.

Na ile picha maarufu inayomwonyesha Bernhardt Holtermann, Mjerumani mbia wa mgodi, akiwa kalishika jiwe lile? Imeunganishwa. Yeye alipigwa picha peke yake studio, jiwe likawekwa baadaye.

Wapo pia wanaodhani mtu alikwenda na karai lake la kuoshea mchanga wa dhahabu, akarudi tajiri. Karai lilifaa mitoni miaka ya 1850. Dhahabu ya mwambani ilidai mashimo marefu, mashine za kuponda mawe na mtaji, kwa hiyo kampuni ziliuza hisa Sydney. Nyingi hazikutoa chochote cha maana, na waliozinunua wakapata hasara.

Wakazi wote walikuwa Waingereza? Hapana. Jirani, Tambaroora, kulikuwa na Wachina wenye maduka na bustani za mboga, na inaniuma kuona wanavyosahaulika.

Mwisho, Hill End huitwa mji mfu. Kutoka watu kama 8,000 wa enzi za dhahabu wamebaki wapatao mia moja, lakini wanaishi, na hoteli ya Royal ya mwaka 1872 inapokea wageni. Zaidi ya hayo, Holtermann aliwagharimia wapiga picha Beaufoy Merlin na Charles Bayliss wakipige picha kijiji mtaa kwa mtaa. Negativu zao za kioo, yaani vioo ambavyo picha zilichapwa kutoka kwavyo, maelfu, zilipatikana mwaka 1951 katika kibanda cha bustani huko Chatswood, Sydney. Ukizikuza unasoma hadi mabango ya madukani, na unawaona watoto wamesimama mlangoni pa nyumba za magome ya miti.